Safari Iliyohama Barabarani: Mashabiki wa Afrika Mashariki na Mbio Zilizowaponyoka

Mbio kubwa kuliko zote za magari Afrika Mashariki zilianza kwa mtu mmoja kukataa uwanja. Miaka ya mwanzo ya hamsini Eric Cecil, mpenda magari wa Kenya, alikuwa akishughulika na mbio za Langalanga, upande wa Nakuru, ambako madereva walizunguka kitanzi kilekile hadi mwamuzi ashushe bendera. Alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent hakutaka hata kusikia. Kwake, kuzunguka pale pale kulikuwa upuuzi mtupu. Lakini kama watu wangeingia garini, wakafunga mlango, wakavuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika akawa ndiye mshindi, hapo angekuja.

Cecil na wenzake walilichukua neno hilo kwa uzito. Elizabeth II alikuwa anatawazwa London Juni 1953, na makoloni yote ya Uingereza yalitakiwa kusherehekea kwa namna yoyote. Sherehe ya Kenya, Uganda na Tanganyika ikawa mbio, zikaitwa Coronation Safari. Fikra ya kwanza ilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria lote. Mvua za Tanganyika zilikuwa zimeshazila barabara, njia ikabadilishwa. Wengine walianzia Nairobi, wengine Kampala, wengine Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, na yalitakiwa yawe magari ya kawaida, yale ambayo daktari au karani angeyanunua. Mwaka ule hapakutangazwa mshindi mmoja wa jumla, ila waliopoteza alama chache kuliko wote walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ya mgongo wa kobe.

Tusijidanganye kuhusu zilikuwa za nani. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, Waafrika wengi walikuwa kambini, na usukani ulishikwa na walowezi pamoja na Wahindi wachache. Mwafrika alikuwa kando ya barabara. Lakini kando hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu historia ya Safari iliyozoeleka kuandikwa ni ya madereva na viwanda, na waliosimama vumbini wamewekwa humo kama pambo la picha.

Sisi wa Bunia tuko ng'ambo ya Ziwa Albert, na njia za mbio hizo kwetu ni habari za jirani. Hata hivyo dereva wa lori aliyelala matopeni kati ya Komanda na Mambasa, akipika wali pembeni ya gurudumu akisubiri trekta, hahitaji kuelezwa Safari ilikuwa nini. Mbio zilizoeleka wakati wa Pasaka, msimu wa masika. Udongo mwekundu ukinywa maji, breki huwa mapambo tu. Mto uliokuwa wa kuvuka kwa miguu saa nne asubuhi huwa bahari saa nane. Ulaya walikuwa na theluji na milima, na madereva wao walijiona wameona yote. Wakaja huku, wakarudi kwao kwa ndege, magari yao yakifuata baadaye kwa meli.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Miaka mitano baadaye, 1968, yaliondoka 93. Yakarudi saba tena, na walioshinda ni walewale wawili, kwa Peugeot 404 ileile kwa aina. Nowicki hakuwa mwenye kasi kupita wote. Alijua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuacha gari lijitafutie njia, elimu ambayo Erik Carlsson wa Sweden, bingwa mkubwa wa Saab, aliikaribia tu: mwaka 1964 alimaliza wa pili, na bado anakumbukwa zaidi kwa kisa cha kulibiringisha gari lake ili litoke kwenye tope.

Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 20 Safari ilikuwa ya wenyeji. Vic Preston wa Kenya alishinda 1954 na 1955. Joginder Singh, fundi na mwana wa fundi, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo ambayo ilikwishatumika mwaka uliotangulia. Alianza wa kwanza barabarani, namba moja ubavuni, na hakupitwa. Mwaka uliofuata na mwingine baada yake ilikuwa zamu ya Bert Shankland, Mskoti aliyehamia Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Angalia ramani ya ushindi huo: Kenya, Tanzania, kisha Kenya tena. Tangu 1960 mbio zenyewe zilikuwa zimeacha jina la malkia, zikaitwa East African Safari, na kwa mara ya kwanza jina lilifanana na kitu chenyewe. Shule moja, posta moja, reli moja, shilingi moja iliyokuwa ikifa polepole, na mbio moja.

Turudi kando ya barabara. Kinachosahaulika leo ni kwamba barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilitoka kwenye kona likakutana na basi la abiria, mkokoteni, kundi la ng'ombe, bibi aliyebeba kuni. Madereva walifunga vyuma vizito mbele ya magari kwa ajili ya ng'ombe na swala, na taa pembeni ili kuona kona za usiku. Hapakuwa na tikiti, hapakuwa na jukwaa. Mtu alitoka shambani, akakaa kwenye tuta, akangoja. Aliyekuwa na redio alisoma namba za magari kwa sauti kwa wasiokuwa nayo. Watoto walijua tofauti ya mngurumo wa Peugeot na Datsun kabla hawajajua kuandika majina hayo. Gari likizama, watu hamsini walilitoa, na ilisemwa sana, kwa kucheka, kwamba kuna mahali tope lilizidi kidogo kuliko mvua iliyonyesha, kwani kusukuma gari la mzungu kulilipa. Siwezi kuapa juu ya ukweli wake. Naamini tu kwamba kijiji chenye akili hakiachi mto upite bure.

Hiyo ndiyo haki ambayo watu hao walikuwa nayo bila kupewa na mtu. Mbio ziliwafuata walikokaa.

Kisha ukaja mwaka 1972, na kwa mwandishi anayependa tarehe, mwaka huo ni kama fundo la kamba. Pasaka ile Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walishinda kwa Ford Escort, wakawa wageni wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa vimeshaelewa kwamba gari likishinda Safari hujiuza lenyewe, na fedha zikaanza kumwagika. Agosti mwaka huohuo Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akiwapa siku 90. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala 1945 katika familia ya wenye mashamba makubwa na aliyeanzia mbio zake Uganda, akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa yeye alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu. Mwana wa Kampala alishinda mbio za Afrika Mashariki, ila akiwa hana tena Kampala ya kurudi.

Mwaka huohuo wa 1972, mbali sana na hapa, mashabiki wa mchezo mwingine wa magari nao walikuwa wakinyang'anywa mahali pao. Nauleta mfano huo kwa kuwa unaonyesha namna mbili tofauti za kupokonywa. Marekani wana mbio za magari mawili yanayosimama sambamba, taa ikiwaka yanafyatuka kwenye mstari ulionyooka wa robo maili, yaani mita 402, na ndani ya sekunde chache yote yamekwisha. Chama kikubwa cha mchezo huo, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951 ili kuwatoa vijana barabarani. Lakini wakubwa wakiwa wengi, kila mmoja hutaka uwanja wake. Kulikuwa na AHRA ya Jim Tice, na kuanzia 1970 Larry Carrier wa Bristol, Tennessee, akajitenga na kuunda IHRA. Don Garlits, dereva mashuhuri kuliko wote, ambaye Machi 1970 gari lake lilipasuka likamkata sehemu ya mguu wa kulia, alichoka na zawadi ndogo za NHRA. Septemba 1972 akaungana na Tice, wakaandaa mbio Tulsa, Oklahoma, wikendi ileile ambayo NHRA walikuwa na mashindano yao makuu Indianapolis. Magari makubwa yakagawanyika pande mbili. Shabiki akatakiwa kuchagua.

Na wakati wakubwa wakigombania wikendi, viwanja vilikuwa vikifa. Tarehe 2 Desemba 1972 uwanja wa Lions, karibu na bandari ya Los Angeles, ulifanya mbio zake za mwisho. Ulifunguliwa 1955 kwa msaada wa vilabu vya Lions, ukiwa dawa ya vijana waliokuwa wakikimbizana mitaani, na ndipo Garlits alipokatika mguu. Majirani walilalamikia kelele. Ardhi ilikuwa ya bandari. Ukafungwa. Big Willie Robinson, pandikizi la mtu mweusi aliyeunda udugu wa wakimbiza magari baada ya ghasia za Watts za 1965, alipata uwanja mwingine kwenye ardhi ya bandari hiyohiyo, Terminal Island, mwaka 1974. Aliuendesha kwa imani kwamba vijana wa magenge hasimu wakishindana kwa magari hawatapigana risasi. Mji ulimfungia, ukamfungulia, ukamfungia tena, hadi 1995 ukafungwa moja kwa moja. Sisi tuliokulia Ituri tunalielewa wazo la Big Willie bila kufasiriwa. Miaka ya karibuni orodha imeongezeka: Houston na Bandimere ya Colorado zote zilipitisha mashindano yao ya mwisho ya NHRA mwaka 2023.

Kwa hiyo Marekani shabiki alipoteza ardhi: ilipanda bei, ikauzwa, au ikarudishwa kwa mwenyewe. Huku kwetu ardhi ilikuwepo, barabara ilikuwepo, wala hakuna aliyeiuza. Tulichopoteza ni mpaka uliokuwa wazi.

Mwaka 1974 Joginder alishinda tena, sasa kwa Mitsubishi Lancer, akiwa na msaidizi wake David Doig. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa jina la Afrika Mashariki. Kuanzia 1975 ilikuwa Safari ya Kenya. Uganda ya Amin haikuwa mahali pa kupeleka magari ya viwanda usiku, na Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa na mawazo mengine juu ya petroli na juu ya michezo ya matajiri. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya; mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wanahistoria wakiorodhesha vilivyogawanywa hutaja ndege, mabehewa, meli za ziwani na deni. Mbio hazimo kwenye orodha hiyo kwa kuwa hazikuwa mali ya serikali, na tena zilikuwa zimeshaondoka miaka miwili kabla. Mimi naona zilikuwa dalili ya mapema. Waandaaji wa mbio husoma mipaka kwa uangalifu kuliko mabalozi, kwa sababu balozi akikwama mpakani hapigiwi saa.

Mkulima wa kusini mwa Uganda aliyekuwa na umri wa miaka 30 mbio zilipoondoka hakuandikiwa barua. Pasaka moja aliketi kwenye tuta, hakuna kilichopita.

Kenya peke yake iliibeba Safari vizuri, tena kwa fahari. Mehta akawa mfalme: 1979, 1980, 1981, 1982, minne mfululizo, na ule wa 1973, jumla mitano, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Björn Waldegård wa Sweden akamfuatia kwa minne. Toyota, Datsun, Lancia, wote walileta wahandisi, malori ya vipuri, helikopta. Helikopta hizo zilikuwa na kazi maalumu: kuruka mbele ya gari na kumwonya dereva kwa redio kwamba kuna matatu ya abiria, kuna ng'ombe, kuna daraja limeondoka. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kuhitaji macho ya angani ili kuendelea kutumia barabara ya watu wa ardhini. Viwanda vilifika wiki nyingi kabla, vikaipima kila kona. Mwenyeji aliyeijua njia kwa kuishi juu yake alikutana na mgeni aliyeijua kwa kuilipia, na mara nyingi zaidi aliyelipia alishinda.

Ulimwenguni nako mambo yalibadilika. Mwaka 1986 gari liliwaingia watazamaji Ureno na kuua, na Mei yake Henri Toivonen na Sergio Cresto wakafa motoni Corsica. Shirikisho la dunia la mbio za magari likayapiga marufuku magari makali ya kundi B, na kuanzia hapo kazi kubwa ya waandaaji wa mbio popote ikawa kuwaondoa watu njiani. Sina ugomvi na hilo. Mtazamaji aliyekufa hashangilii. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Ureno waliokuwa wakigusa magari yakipita kwa kasi ya ajabu ilipofika Bonde la Ufa ilikutana na mbio ambazo hazikuwa na kamba wala uzio, na ambazo roho yake ilikuwa hukohuko kutokuwa na kamba.

Kabla hazijazimika zilitoa mwanga mmoja mkubwa. Mwaka 1994 Ian Duncan alishinda kwa Toyota, Mkenya wa kwanza tangu Mehta. Nyuma yake, nafasi ya nne, alikuwa Patrick Njiru kwa Subaru. Miaka 41 baada ya sherehe ya kumtawaza malkia, Mwafrika mweusi alimaliza wa nne katika raundi ya ubingwa wa dunia nyumbani kwake, na watu walimshangilia kama aliyeshinda. Miaka mitano baadaye Charles Muhangi wa Uganda akawa bingwa wa Afrika, katika nchi ambayo Safari ilikuwa imeiacha kwa robo karne na ambayo ilikuwa imeshajijengea mbio zake yenyewe, Pearl of Africa. Kwangu mimi ushindi wa Muhangi una uzito kuliko wa Njiru, kwa kuwa Njiru alipanda ngazi iliyokuwepo, na Muhangi alitokea mahali ambapo ngazi ilikuwa imeondolewa.

Njia nayo ilikuwa ikipungua. Zile kilomita elfu tano na zaidi za zamani zilikuwa zimebaki kumbukumbu. Mwaka 2002 sehemu zenye kupimwa saa zilikuwa karibu kilomita 1,000, bado zaidi ya maradufu ya raundi nyingine za dunia, na Colin McRae wa Uskoti alishinda kwa mara ya tatu. Kisha, kimya. Fedha zilipungua, maandalizi yalilalamikiwa, na kalenda ya dunia ya 2003 ikatoka bila Kenya. Safari iliendelea kama mbio za bara, mara nyingine na wakimbiaji wachache, ikitafuta wafadhili kama yatima anayetafuta karo.

Hapo ndipo palipotokea kitu ambacho mashabiki wa Tulsa na Indianapolis wangekitambua. Mwaka 2003, miaka 50 tangu Coronation Safari, Mike Kirkland, dereva wa zamani wa Safari, na wenzake walianzisha mbio nyingine: East African Safari Classic, za magari ya kale. Wakairudisha njia ndefu. Wakairudisha Tanzania. Wakairudisha Afrika Mashariki katika jina, jambo ambalo shirikisho lilikuwa limeshindwa kulifanya tangu 1975. Waldegård akarudi akiwa mzee, akashinda 2007 kwa Ford Escort na 2011 kwa Porsche 911, na Duncan naye akashinda kwa magari ya Ford. Kwa miaka 18 Safari zikawa mbili: moja yenye kibali na heshima ya shirikisho lakini isiyo na fedha, nyingine yenye fedha na njia lakini isiyo na ubingwa wowote wa dunia.

Classic ilifuata roho ya zamani, hilo nalikubali. Lakini walioingia ni watu gani? Wengi walikuwa wageni wenye uwezo wa kumiliki Porsche iliyotengenezwa upya Uingereza, kuisafirisha kwa meli, kuikimbiza jangwani siku tisa, na kulala hoteli nzuri kila usiku. Magari yalipopita vijijini, watoto walipunga mikono kama zamani. Tofauti ni kwamba mwaka 1965 mtoto wa fundi wa Kericho alikuwa ndani ya gari lililokuwa mbele.

Serikali ya Kenya, chini ya Uhuru Kenyatta, iliamua kuirudisha ile Safari ya shirikisho. Septemba 2019 shirikisho likakubali. Korona ikaiahirisha kwa mwaka mmoja, na Juni 2021 Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda, Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili, na Thierry Neuville wa Ubelgiji, aliyekuwa akiongoza, aliharibikiwa gari siku ya mwisho huko Loldia. Tope lilikuwepo, vumbi laini kama unga lilikuwepo, Kalle Rovanperä alizama humo. Mwaka uliofuata alirudi akashinda, Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza. Waliosema Safari imekufa walinyamaza.

Lakini tazama iliporudi. Sehemu zenye kupimwa saa zilikuwa kilomita 320 hivi, zote zikizunguka Naivasha na Elmenteita isipokuwa onyesho la kufungulia pale Kasarani, Nairobi: Kedong, Oserian, Soysambu, Sleeping Warrior, Hell's Gate. Soma majina hayo polepole. Ni mashamba makubwa ya watu binafsi, hifadhi na mbuga. Ni ardhi yenye geti. Hakuna basi la abiria linalotokea kwenye kona, na hilo ni jema. Hakuna pia mkulima anayetoka shambani kwake akakaa kwenye tuta. Mashabiki walimiminika kwa maelfu, magari yakajaa barabara ya Nairobi hadi Naivasha, hoteli zikapandisha bei, muziki ukapigwa usiku kucha. Ni sikukuu kubwa, na vijana wa Nairobi wanaipenda. Ila mtazamaji sasa ni yule mwenye nauli, mwenye hema, mwenye simu ya kupiga picha. Zamani mbio ziliwafuata watu. Leo watu huzifuata mbio, na asiyeweza kuzifuata huziangalia kwenye skrini ya jirani.

Wanaotetea mpango huo wana hoja. Shirikisho halitaruhusu tena gari la mashindano la leo likutane na matatu, na haliko radhi kurudia helikopta za kuonya kuhusu ng'ombe. Kilomita 5,000 za barabara ya umma haziwezi kulindwa kwa polisi walioko. Nakubali yote. Kinachonishinda kukubali ni kuona hoja ya usalama ikibebeshwa mzigo wa mambo mengine. Usalama haukufunga mpaka wa Tanzania na Kenya, siasa ndiyo iliyoufunga, na siasa imekwisha kuufungua zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa, na tangu 2022 Kongo yenyewe ni mwanachama, kwa hiyo hata sisi wa Bunia kwa karatasi tumo. Barabara inaweza kufungwa kwa saa tatu kwa ajili ya mbio kama inavyofungwa kwa ajili ya msafara wa rais, na watu wetu wana uzoefu mkubwa wa kusimama pembeni wakisubiri msafara.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ya Naivasha, kwa vilabu vya Kampala na Arusha, na kwa wenye Classic, ni dogo na linaweza kupimwa. Kaeni meza moja. Chagueni sehemu moja tu, kilomita 20, kwenye barabara ya umma upande wa Uganda na nyingine kama hiyo upande wa Tanzania, zifungwe asubuhi, zifunguliwe mchana, bila tikiti. Tangu jina la Afrika Mashariki lilipoondolewa kwenye Safari, hakuna raundi ya ubingwa wa dunia iliyovuka mpaka wa Kenya, na imepita miaka 50.